Shule ya msingi ya serikali, Muheza: maoni ya mzazi ambaye pia ni fundi mwashi

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wanaohamia Muheza, mkoani Tanga, na kwa wale ambao kila mwisho wa mwaka huniuliza kwa nini wanangu wako shule ya serikali wakati za kulipia zipo, zina basi lao na sare za kupendeza. Jina la shule silitaji, kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na wanaohusika ni watu tunaokutana sokoni kila wiki. Anayeishi upande wetu wa mji ataijua kwa maelezo. Binti yangu yuko darasa la sita, mdogo wake wa kiume yuko la pili.

Kazi yangu ni uashi. Imenipitisha kwenye shule nyingi za wilaya hii na za Korogwe, huku napiga lipu, kule namwaga sakafu, kwingine najenga matundu ya vyoo. Fundi akishinda shuleni wiki mbili tatu anaona mambo ambayo mzazi anayekuja siku ya kikao tu hayaoni. Anasikia walimu wanavyosema na watoto wakati hakuna mgeni. Anaona mzazi aliyekuja na kandambili anavyopokelewa ofisini, na yule aliyekuja na gari anavyopokelewa. Kwa majengo, shule yetu ni ya kawaida kabisa, na lipu ya madarasa ya zamani imeanza kuachia. Kwa namna inavyoishi na watoto na majirani zake, sijaona shule ya kuizidi katika zote nilizofanyia kazi. Naipa nyota nne kati ya tano, na nitasema ile moja imekwama wapi.

Nianze na pesa, maana ndipo wazazi na walimu wanapogombania.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada wala michango ya lazima, na serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazolengwa kufika shuleni. Shule yetu ina watoto wapatao mia sita. Piga hesabu mwenyewe: ni kama laki tatu kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, mipira, bati lililotoboka na kitasa kilichovunjika. Haitoshi, na kila aliyewahi kuendesha hata duka la mtaani anajua haitoshi. Lakini wazazi wengi waliposikia elimu bure walielewa kwamba hawadaiwi chochote tena, na shule nyingi nazo ziliendelea kudai kama zamani, mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya mia tano. Malalamiko yalizidi mpaka Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni na kutaka walimu waache kushika hela za wazazi. Baada ya hapo, maeneo mengi niliyofanyia kazi watu walikunja mikono. Ukitaja shule wanakwambia hiyo ni kazi ya serikali.

Hapa kwetu mikono ilikunjuliwa, na nadhani najua sababu. Ukifika shuleni, kabla hujaingia ofisini, kuna ubao wa matangazo chini ya kibaraza. Shule zote hutakiwa kubandika mapato na matumizi, na nyingi nilizopita zina karatasi iliyopauka ya miaka mitatu nyuma. Ubao wa kwetu hubadilishwa kila mwezi. Karatasi ina ruzuku iliyoingia, michango iliyopokelewa na kamati ya shule, kilichonunuliwa na kilichobaki, yote kwa mwandiko mkubwa ambao hata bibi mwenye miwani anausoma.

Mwaka walipoamua kupiga upya sakafu ya darasa la kwanza, nilisimama mbele ya ubao ule nikafanya hesabu yangu ya kifundi. Darasa ni mita saba kwa tisa. Sakafu ya sentimeta nne, mchanganyiko wa moja kwa nne, inakula mifuko kumi na tisa ya saruji, kwa fundi asiyeiba. Karatasi ilisema: imenunuliwa mifuko 20, imetumika 19, stoo umo mmoja. Nikaenda stoo, nikauona. Wiki mbili baadaye karatasi mpya ikaeleza kwamba mfuko ule umezibia nyufa za karo la kunawia mikono. Nimejenga miradi ya mamilioni ambayo hakuna mtu aliyejua mfuko wa mwisho ulikwenda wapi.

Na kabla ya saruji kununuliwa, tuliulizwa. Hili ndilo naliona kubwa kuliko ubao wenyewe. Mwalimu Mkuu, mwanamama wa makamo, alikuja kikaoni na orodha ya mahitaji: sakafu, madawati, tangi la maji, mlango wa ofisi. Akasema ruzuku inafika hapa, inaishia hapa, naomba wazazi mseme kipi kitangulie. Mlango wa ofisi yake ukawa wa mwisho, naye hakubisha. Wazazi wakachagua sakafu, kwa sababu wadogo walikuwa wanarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi na mashimo yalikuwa yanawakwaza. Asiye na hela akaleta ndoo za mchanga. Mwenye toroli akasomba maji. Mimi na mafundi wenzangu tulitoa kazi ya mikono, wala hatukuombwa mara mbili. Mtu akishirikishwa kuamua, hutafuti mgambo wa kumfuata.

Tanga ni mmoja wa mikoa tisa ya Shule Bora, mpango wa kuinua elimu ya msingi, na kupitia mpango huo watu wengi wamezoea kusikia habari za UWAWA, Umoja wa Wazazi na Walimu, yaani wazazi na walimu kukaa meza moja kufuatilia watoto wao. Kamati ya shule ipo siku zote, Mwalimu Mkuu ndiye katibu wake, lakini kamati ni watu wachache na mambo yake ni makubwa. UWAWA iko karibu zaidi. Shuleni kwetu kila darasa limechagua mama mmoja na baba mmoja, na hao ndio unaowafuata ukiwa na neno ambalo unaona haya kulipeleka ofisini. Kwingine nimeona UWAWA ya jina tu, imeandikwa ukutani kwa rangi na haijawahi kukutana. Hapa ninaweza kuonyesha kazi yake, na niitaje moja.

Asubuhi mwalimu wa zamu husimama getini. Mtoto akifika anaamkia, anaitikiwa, anaitwa kwa jina. Aliyechelewa haadhibiwi pale. Anaulizwa sababu, na sababu inaandikwa kwenye daftari pamoja na kitongoji anakotoka. Nilipoliona daftari lile mara ya kwanza sikulielewa, nikadhani ni la kukusanya majina ya watakaochapwa. Mwisho wa mwezi wazazi wa UWAWA wakakaa na walimu wakalipitia, na ikaonekana wachelewaji wengi wa masika wanatoka kitongoji kimoja ng'ambo ya kijito. Mvua ikinyesha usiku, maji yanajaa, watoto wanangoja yapungue au wanazunguka kupitia barabara kuu. Miaka yote hiyo walikuwa wanachapwa kwa kosa la mto. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, wenye miti wakatoa magogo, vijana wakayaweka, mimi nikajengea ncha zote mbili kwa mawe na zege ili yasisombwe. Daraja ni la kupita mtu kwa miguu tu, lakini sasa hata mama wenye machungwa ya kupeleka sokoni wanalitumia, na kitongoji kile ambacho zamani hakikuwa kinaonekana kikaoni ndicho kinachowahi kufika.

Chakula nacho nakisifu, kwa sehemu. Watoto wa madarasa ya juu wanakula makande mchana, wadogo wanakunywa uji saa nne. Mahindi na maharage yanatoka kwa wazazi, kwa vipimo vilivyokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji wala si kwenye barua iliyotumwa na mtoto. Mwenye shida anatoa kuni, au anakuja zamu ya kuteka maji na kuosha masufuria. Kilichonigusa ni hiki: orodha ya waliotoa na wasiotoa inashikwa na wazazi wawakilishi wa darasa. Mpishi hana. Mwalimu hana. Mtoto akifika na bakuli lake anapakuliwa, basi. Nilifanya kazi kwenye shule nyingine ambako wasiolipiwa walikuwa wanakaa chini ya mwembe wakiangalia wenzao wakila, na sijasahau nyuso zao. Anayetaka kujua shule ina utu kiasi gani aende saa ya chakula, asimame mbali kidogo, aangalie foleni.

Lakini mwaka jana Februari mpaka Aprili uji wa wadogo ulikatika. Ni kipindi cha njaa kwetu, mahindi ya msimu uliopita yamekwisha na mapya yako shambani. Makande ya wakubwa yaliendelea, uji wa wadogo ukasimama, na uamuzi huo ulifanyika haraka bila wazazi wa darasa la kwanza na la pili kuitwa. Mwanangu alikuwa anarudi saa sita akiwa amelegea. Tulipolalamika tulisikilizwa, na sasa kuna gunia la akiba linalowekwa kando wakati wa mavuno. Nalisema kwa sababu shule inayojivunia kuuliza ilipaswa kuuliza na hapo, tena hapo hasa, maana mtoto wa miaka saba ndiye asiyeweza kuvumilia.

Kuhusu wasichana, naomba akina baba wasome aya hii. Kuna sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo mmoja anao mwalimu wa malezi, mwingine anao mama mwakilishi, halifunguliwi mpaka wote wawili wawepo. Karatasi nyingi za wasichana wakubwa zilikuwa zinasema jambo moja: milango ya vyoo haina makomeo kwa ndani. Walikuwa wanakwenda wawili wawili, mmoja anashikilia mlango. Na siku zao zikifika, wengine walikuwa hawaji kabisa. Binti yangu hakuwahi kuniambia hata siku moja, na simlaumu. Shule ikaleta jambo lile kikaoni waziwazi, Mwalimu Mkuu akaligusa neno hedhi mbele ya wazee bila kuzungukazunguka. Makomeo ni kitu cha bei ndogo sana. Tulifunga yote siku moja, na tundu la mwisho likageuzwa chumba cha wasichana, lina ndoo ya maji, sabuni, na ndoo yenye mfuniko. Mlango wake nilitundika mimi mwenyewe, nikahakikisha hauachi mwanya chini. Nimejenga vyoo vya shule kwa miaka mingi kwa kufuata ramani, na hakuna mchoraji wala mhandisi aliyewahi kunitajia komeo kama jambo la kufa na kupona. Watoto wenyewe ndio waliolijua.

Sasa viboko. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 unasema anayeruhusiwa kutoa adhabu hiyo ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Shule yetu inacho kitabu hicho, na mzazi akiomba kukiona anaonyeshwa. Kurasa za karibuni ziko tupu. Adhabu zilizobaki ni kumwagilia miche na kubaki kumaliza kazi, na makosa makubwa mzazi anaitwa. Unapoitwa unakaribishwa kiti kwanza. "Karibu fundi, keti, tuzungumze kuhusu kijana wetu." Neno "wetu" lile limenifanya nimkemee mwanangu kwa upole nilipofika nyumbani, badala ya kurudi na hasira za kuaibishwa mbele ya watu. Hata hivyo yupo mwalimu mmoja ambaye bado anatembea na fimbo mkononi, na watoto wanasema haibebi bure. Limesemwa kwenye vikao zaidi ya kimoja. Mpaka leo naandika, jibu ni kwamba linashughulikiwa. Ni sehemu ya nyota niliyoizuia.

Sehemu nyingine ya nyota ile ni vikao. Vinapangwa asubuhi za siku za kazi. Saa tatu asubuhi mimi niko jukwaani na tofali mkononi, dereva wa bodaboda yuko kijiweni, mkata mkonge yuko shambani. Matokeo yake wanaojaa ni akina mama, na wao ndio wanaobeba maamuzi yote na kazi zote, halafu watu wanasema akina baba wa Muheza hawajali. Kikao kimoja kilichofanyika Jumapili alasiri, baada ya ibada, kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Sijui kwa nini hakikurudiwa. Matangazo nayo siku hizi yanapita kwenye kundi la WhatsApp la kila darasa, na mwenye simu ya kitochi anapata habari kwa jirani, ikiwa jirani amekumbuka. Zamani barua ndogo iliwekwa kwenye daftari la mtoto. Irudishwe.

Darasa la kwanza limefurika. Watoto zaidi ya mia moja chumba kimoja, mwalimu mmoja, hata kama ni mwalimu wa dhahabu hawezi kushika vidole vya kila mtoto anayejifunza kuandika. Hili si la kuwatupia shule, walimu wanaletwa na serikali, lakini mzazi anayempeleka mtoto wa darasa la kwanza lazima alijue. Wazazi waliomaliza kidato cha nne wanakuja kwa zamu siku mbili kwa wiki kusaidia kusomesha makundi madogo ya kusoma, chini ya mwembe, mwalimu akiwapangia cha kufanya. Inasaidia. Mwanangu alijua kuunganisha silabi kule chini ya mwembe, na mama aliyemfundisha anauza maandazi stendi.

Wanaoniuliza kuhusu shule za mchepuo wa Kiingereza, jibu langu ni kwamba Kiingereza huko mtoto anakipata mapema kuliko kwetu. Kama hilo ndilo unalotafuta na mfuko unaruhusu, nenda. Mimi nilimpeleka binti yangu kwetu, anaandika insha ya kurasa mbili kwa Kiswahili safi, anajua kusimama mbele ya baraza la wanafunzi akatoa hoja na mwenyekiti wa kijiji amekaa pale. Mwaka jana walitaka miti ya kivuli upande wa uwanja, wakaandika barua kwa serikali ya kijiji wao wenyewe, wakapewa miche. Anapita kila jioni kuangalia mche wake, na mdogo wake ameshaomba akabidhiwe binti akimaliza.

Hofu yangu moja ni uhamisho. Mwalimu Mkuu huyu akihamishwa, na walimu wakuu huhamishwa, je, ubao utaendelea kubadilishwa kila mwezi? Nimemuuliza ana kwa ana. Alinionyesha kwamba taratibu zote, za ubao, za sanduku, za orodha ya chakula, zimeandikwa kwenye muhtasari wa kamati na kusainiwa, na funguo na nakala ziko kwa wazazi. Imenipa moyo, ingawa nitaamini vizuri siku mwingine akishika ofisi ile.

Kwa wanaotaka kuandikisha: shughuli huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba kwa ajili ya Januari, awali na darasa la kwanza. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama unacho. Kuandikisha hakuna malipo, na mtu yeyote akikudai hela pale mwulize kwa upole mbele ya Mwalimu Mkuu. Wahi mapema kwa sababu ya msongamano wa darasa la kwanza. Kama una fani yoyote, useremala, umeme, ushonaji, sema ukiwa unaandikisha; kuna daftari la hilo na utaitwa. Mwezi ujao tunaanza lipu ya darasa la nne, mchanga umeshafika, na tuna upungufu wa wasaidizi wawili wa kuchanganya.